Kutoka Kizingitini Hadi Getini

Hotuba kwa wamiliki na wakaazi wa majengo ya fleti, kuhusu majirani wanaoishi na magonjwa yanayoua pole pole seli za ubongo na neva. Imewekwa hapa kamili kwa ajili ya wenzetu walioshindwa kufika.

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa kamati za majengo, wamiliki na wapangaji, wasimamizi, mafundi, na ninyi walinzi mlioketi pale nyuma. Walinzi, naomba msogee mbele, maana sehemu kubwa ya maneno yangu leo inawahusu ninyi. Asanteni kwa kunialika.

Nianze na swali. Nyumba yako inaishia wapi? Wengi mtasema mlangoni. Lakini hati ya umiliki haisemi hivyo. Anayenunua fleti hununua pia fungu lake katika ngazi, katika lifti, katika korido, katika paa na bustani. Vitu hivyo havikatwi vipande kila mtu akachukua chake. Ni vyetu sote kwa pamoja. Basi jirani yetu anaposhindwa kupita koridoni, hashindwi katika mali ya watu. Anashindwa ndani ya mali yake mwenyewe. Na sisi, wenye mali pamoja naye, ndio tunaoamua kama ataendelea kushindwa.

Kazi yangu hunipeleka majumbani. Huwa naitwa wakati daktari ameshataja jina la ugonjwa, dawa zikishaandikwa, na familia ikabaki na maswali ambayo hayana kidonge: ataogaje, atavaaje, ataendeleaje kuishi hapa? Ndani ya fleti huwa tunapata njia. Tunahamisha kiti, tunafunga reli bafuni, tunaondoa zulia linalojikunja. Familia nyingi huyamaliza hayo upesi. Kisha nafungua mlango wa kutokea, na hapo kazi inakwama. Taa ya korido siwezi kuigusa. Mlango wa lifti siwezi kuuchelewesha. Ukuta siwezi kuupaka rangi. Kila nikiuliza naambiwa ni mambo ya kamati, ni mambo ya mkutano, ni mambo ya bajeti ya mwakani.

Na mgonjwa hana mwakani nyingi za kusubiri.

Tunazungumzia nani? Tunazungumzia watu ambao seli za ubongo au neva zao zinakufa pole pole: wenye Alzheimer na aina nyingine za dimenshia, yaani kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, wenye Parkinson, wenye Huntington, wenye ALS, ugonjwa unaodhoofisha misuli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na dimenshia, na kila mwaka wanaongezeka wagonjwa wapya karibu milioni 10. Zaidi ya asilimia 60 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wenye Parkinson walikadiriwa kupita milioni 8.5 mwaka 2019. Wengi mmesikia habari za Hogeweyk, kijiji kilichofunguliwa mwaka 2009 huko Weesp, Uholanzi, kwa ajili ya wenye dimenshia iliyokomaa, ambako wakaazi hutembea nje bila kupotea kwa sababu kijiji chote kimepangwa kwa ajili yao. Ni kazi nzuri, nami naisifu. Lakini watu hawa milioni 57 hawataingia wote Hogeweyk. Wengi wao wako nyumbani kwao, katika majengo ya kawaida, ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto. Wako kwenu.

Niwapeleke kwanza sakafuni.

Nilipelekwa kwa mzee mmoja, mhasibu mstaafu, mtu wa nidhamu. Wanawe waliniambia: "Baba amekuwa mkaidi. Anavaa vizuri, anachukua fimbo, anatoka mlangoni, akifika mbele ya lifti anagoma. Tukimvuta anapiga kelele." Walidhani ni hasira za ugonjwa. Nikatoka naye. Alitembea vizuri koridoni mpaka mita moja hivi kabla ya lifti, akasimama, akatazama chini, akashika ukuta. Nilimuuliza anaona nini. Akanijibu kwa upole kabisa, kana kwamba mimi ndiye nisiyeona: "Utapitaje hapo? Hapana sakafu."

Mbele ya lifti palikuwa na zulia jipya jeusi la kufutia miguu. Kamati ililinunua ili vigae vipya visichafuke. Kwako na kwangu lile ni zulia. Kwake lilikuwa shimo.

Ndugu zangu, macho yake yalikuwa mazima. Kuona hakuishii machoni. Ubongo ndio unaosoma kina, umbali na tofauti ya rangi, na Alzheimer hudhoofisha usomaji huo. Doa jeusi juu ya sakafu nyeupe linageuka kuwa shimo. Sakafu inayong'aa inageuka kuwa maji. Mapambo ya vigae yanageuka kuwa vitu vinavyotambaa. Mwenye dimenshia ya miili ya Lewy, ambaye tayari huona vitu visivyokuwepo, ukimpa korido yenye giza na vivuli umempa mahali pa kutishika kila siku. Mtu huyu si mkaidi. Anajilinda, kama wewe ungejilinda ukiona hapana sakafu.

Lile zulia liliondolewa siku ileile. Mlinzi alilikunja akaliweka stoo, bila mkutano na bila kura. Mzee akaingia kwenye lifti. Nawauliza: alifungiwa ndani na ugonjwa, au na zulia?

Sasa msikilize upande wa pili, maana hapa watu wengi wenye nia njema huharibu. Katika jengo jingine alikuwepo mama mwenye Parkinson, mwalimu wa zamani. James Parkinson aliueleza ugonjwa huu mwaka 1817, akataja mtetemo na mwendo wa hatua fupi zinazoharakisha. Kuna jambo moja ambalo wenye ugonjwa huu wanalijua kuliko vitabu: kuganda. Mtu anatembea, ghafla miguu inagoma kama imegundishwa sakafuni. Akili inataka kwenda, mwili hauitiki. Na mahali panapoleta kuganda kuliko pengine ni penye upenyo: kizingiti, kona, mlango wa lifti. Mama huyu alikuwa akigandia hasa pale, mguu mmoja ndani, mmoja nje, na mlango ukija kumbana. Nyuma yake majirani wanavuta pumzi, mwingine anasema, "Haraka kidogo, mama." Neno hilo, ndugu zangu, linazidisha kuganda. Kumharakisha aliyeganda ni kumfunga zaidi.

Dawa ya pale ilikuwa mistari. Ubongo wa mwenye Parkinson hupata shida kuanzisha hatua wenyewe, lakini ukipewa alama ya kuiona, mstari wa kuuvuka, mara nyingi hupita njia nyingine na mguu unanyanyuka. Tukabandika tepe sakafuni, mstari baada ya mstari, kwa nafasi ya hatua moja, hadi ndani ya lifti. Fundi wa lifti akaongeza muda wa mlango kubaki wazi. Mama akawa anahesabu mistari kwa sauti na kuingia.

Mmeona tatizo? Mistari inayomfungulia njia huyu ndiyo inayoweza kumtisha yule mzee wa zulia. Na nimewahi kuwakuta wote wawili katika ghorofa moja. Tulifanyaje? Tulibandika mistari ya rangi iliyotofautiana kiasi na sakafu, si myeusi juu ya sakafu nyeupe, na upande mmoja tu wa korido. Kisha tukatembea nao, mmoja baada ya mwingine, tukaangalia. Mara ya kwanza haikufaa, tukapunguza ukali wa rangi, ikafaa. Ndiyo maana simwamini mtu anayekuja na orodha iliyokamilika ya "jengo rafiki" akataka itekelezwe kila mahali. Kioo cha lifti ni vivyo hivyo. Mwenye kiti cha magurudumu anakihitaji ili aone nyuma anapotoka kinyumenyume. Mwenye dimenshia iliyoendelea anaweza asijitambue ndani yake, akakataa kuingia kwa sababu lifti "ina mtu". Jengo moja liliweka pazia dogo la kuvuta mbele ya kioo. Hakuna mchoro uliolileta pazia lile. Lililetwa na jirani aliyekuwa akipanda lifti na mtu huyo na kumwona akirudi nyuma.

Mengine yanafaa karibu kwa kila mtu, nayataja upesi. Sakafu ya rangi moja isiyong'aa, itofautiane na ukuta. Ukingo wa kila ngazi uonekane wazi, maana hapo tofauti ya rangi ndiyo inayookoa shingo. Reli pande zote mbili za ngazi, kwa sababu Parkinson kwa kawaida huanza upande mmoja wa mwili, na reli iliyo upande wa mkono wenye nguvu mtu akipanda huwa upande wa mkono dhaifu akishuka. Vitasa vya kusukuma chini badala ya vya duara, kwa sababu ya mikono inayopoteza nguvu. Mteremko wa kuingilia usiwe mkali kuliko 1 kwa 12. Taa zisizozimika mtu akiwa katikati ya korido: zile za kujizima zimewekewa mtu anayetembea haraka. Na mahali pa kukaa, jamani. Kiti kimoja cha kuegemea mikono karibu na lifti. Kuna watu wameacha kutoka kwa kukosa kiti.

Nihamie kwenye jambo ninaloliona zito zaidi ya sakafu, nalo ni kupotea.

Katika jengo la ghorofa nyingi, bwana mmoja alianza kujaribu ufunguo wake usiku kwenye mlango wa jirani wa ghorofa ya chini yake. Mara ya kwanza jirani alicheka naye akampandisha. Ilipoendelea, watoto wa jirani wakaanza kuogopa. Ikafika barua kwa kamati: mtu huyu ni hatari, familia yake imfungie. Nataka tuseme ukweli, jirani yule hakuwa mtu mbaya. Ukisikia kitasa kinatikiswa usiku wa manane na watoto wamelala, utaogopa tu. Lakini nilipopanda na kushuka katika jengo lile nilielewa. Korido zote zilikuwa nyeupe. Milango yote ya rangi moja, zulia moja, taa moja. Namba za ghorofa zilikuwa vijibandiko vidogo juu, karibu na dari. Na kanuni ya jengo ilikataza mtu kuweka chochote mlangoni, ili sura ya jengo iwe moja.

Kwa nini sisi hatupotei mle? Kwa sababu ubongo wetu unatuchorea ramani bila kutuomba ruhusa. Mwaka 1971 John O'Keefe alionyesha kwamba katika sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi zipo seli zinazowaka mnyama akiwa mahali fulani tu. Mwaka 2005 May-Britt Moser na Edvard Moser, pamoja na wenzao, wakagundua katika sehemu jirani seli nyingine zinazopima nafasi kama gridi. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Sehemu hiyohiyo yenye gridi ndiyo miongoni mwa zile ambazo Alzheimer huzishambulia mapema kabisa. Mtu anaweza bado kuzungumza vizuri, bado kukumbuka majina ya wanawe, na ramani ya jengo lake imeshaanza kufutika. Sisi tunamwambia, "Si umeishi hapa miaka yote?" Ndiyo, ameishi. Ramani ndiyo iliyoondoka.

Ikiwa ramani ya ndani imeondoka, ramani ya nje ndiyo inayobaki. Na ramani ya nje ni nini? Ni korido. Ni rangi. Ni namba kubwa inayosomeka ukitoka kwenye lifti, iliyowekwa usawa wa macho. Ni kitu mlangoni ambacho mkono na moyo vinakitambua. Kamati ile, baada ya ubishi mrefu, ilikubali kila ghorofa iwe na ukuta mmoja wa rangi yake mbele ya lifti. Kanuni ya milango ikalegezwa: kila fleti iruhusiwe kitu kimoja. Bwana yule, ambaye alikuwa baharia, akatundikiwa picha ya meli yake ya zamani, kubwa, mlangoni. Hakuacha kabisa kuamka usiku. Lakini alikuwa akishuka, anaona ukuta wa bluu usio wake, anageuka. Na jirani wa chini, yuleyule aliyeandika barua, ndiye aliyenieleza kwamba watoto wake nao sasa hawashuki ghorofa isiyo yao.

Ndani ya suala hili la ramani kuna jambo linaloniuma. Tunakarabati. Tunapenda kukarabati. Tunang'oa mlango wa zamani, tunaweka wa kioo. Tunaondoa ufunguo, tunaweka namba za siri, au simu ndiyo ifungue. Mwenye Alzheimer huweza kushika kwa muda mrefu sana mazoea ya mkono: kuingiza ufunguo, kuzungusha, kusukuma. Kujifunza utaratibu mpya ndiko kunakomshinda. Nimemwona mama aliyekuwa akitoka na kurudi peke yake kila asubuhi, hana tatizo. Jengo likabadilisha kufuli la geti. Tangu wiki ile hakutoka tena bila kusindikizwa. Hali yake haikuzidi wiki ile. Kilichobadilika ni geti. Ninachowaomba ni kidogo: mkiweka mfumo mpya, acheni tundu la ufunguo. Mkipaka rangi, msifute alama ambayo mtu anaitegemea. Kabla ya kung'oa, ulizeni nani anakitumia. Na lifti inapofanyiwa matengenezo, tangazo la karatasi halitoshi; mtu apite mlango kwa mlango.

Sasa walinzi, na sote tunaokutana koridoni.

Kijana wa miaka thelathini na kitu alirudi nyumbani jioni akiyumba, mikono inaruka, maneno yanagongana. Mlinzi mgeni akamzuia getini. Akamwambia walevi hawaingii hapa. Kijana alijaribu kueleza, na kadiri alivyopata wasiwasi mwili ulizidi kuruka, maana ndivyo ugonjwa ule ulivyo. Watu walikusanyika. Wengine walirekodi kwa simu. Alikuwa na Huntington, ugonjwa ambao George Huntington aliueleza mwaka 1872 akiwa daktari wa miaka 22. Ni wa kurithi. Mtoto wa mzazi mwenye ugonjwa ana nafasi moja kati ya mbili ya kuupata, na mara nyingi huanza kati ya miaka 30 na 50. Kijana yule alimwona baba yake akipita njia hiyohiyo. Hakuwa ameonja pombe. Alikuwa ametoka kazini.

Simlaumu mlinzi peke yake. Nani alimfundisha? Tunampa mlinzi sare, tochi na kitabu cha wageni, tunamwambia alinde. Hatumwambii kwamba kati ya watu anaowalinda wapo wanaoyumba, wanaouliza swali lilelile mara kumi, wanaosimama ghafla, wasioweza kutamka, nao wote ni wenye nyumba. Japani walianza mwaka 2005 kuwafundisha watu wa kawaida, wafanyakazi wa benki, wa maduka, wanafunzi, kumtambua na kumsaidia mwenye dimenshia. Somo lao la msingi ni la saa moja na nusu hivi, na waliolipitia wameshapita milioni 10. Saa moja na nusu! Mikutano yetu ya kugombania maegesho huchukua zaidi ya hapo.

Mlinzi anahitaji kujua nini? Kumkaribia mtu kwa mbele, si kwa nyuma. Kujitambulisha. Kusema sentensi fupi, moja, kisha kusubiri jibu, na kusubiri ni kazi. Kutobishana naye. Mama anayesema anakwenda kuwachukua watoto shule, na watoto wana miaka hamsini, haambiwi "watoto wako wazima." Anaulizwa, "Watoto wanaitwa nani?" na hatua zinapungua, na binti yake anapigiwa simu.

Hapo inakuja hoja ninayoisikia kila mahali: kwa nini tusifunge geti tu, tukapata usalama? Naelewa hofu hiyo. Mtu akitoka usiku asionekane, hilo ni jambo la kutisha kweli, na familia zilizolipitia hazilisahau. Lakini geti lililofungwa kwa ajili ya mmoja linakuwa gereza lake, tena mtu anayeona mlango haufunguki huutikisa, hupanda ukuta, huanguka. Kinga iliyo bora huanza kabla. Uingereza polisi wana utaratibu uitwao Herbert Protocol, kwa jina la George Herbert, askari aliyetua Normandy katika Vita vya Pili vya Dunia, aliyeishi na dimenshia. Familia hujaza fomu mapema: picha ya karibuni, dawa, mahali alipozaliwa, alipofanya kazi, njia alizopenda. Kwa sababu mtu anayepotea mara nyingi huwa anakwenda mahali, mahali pa zamani. Fomu kama hiyo inaweza kukaa kwenye bahasha mezani kwa mlinzi, kwa idhini ya familia na ya mwenyewe.

Nasisitiza idhini. Ugonjwa wa mtu si tangazo la ubao wa matangazo. Nimewahi kukuta jina na ugonjwa wa mkaazi vimeandikwa katika kundi la simu la jengo zima, eti ili watu wawe waangalifu. Aliyeandika alitaka kusaidia. Lakini mwenye jina alikuwa bado anasoma ujumbe, anaelewa kila neno, na hakushuka chini kwa muda mrefu. Wanaohitaji kujua ni wachache, na mwenyewe ndiye wa kwanza kuulizwa ni akina nani. Kupeana taarifa na kumwaibisha mtu ni mambo mawili, msiyachanganye mkutanoni.

Nimalizie na fedha na sheria, maana najua Mwekahazina ananitazama.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, hauwahesabu wenye ulemavu wa viungo tu. Unataja udhaifu wa muda mrefu wa mwili, wa akili na wa hisi. Unataja makazi miongoni mwa mahali panapopaswa kufikika, na unasema kumnyima mtu marekebisho yanayowezekana ni ubaguzi. Nchi kadhaa zimeingia hadi ndani ya korido zetu. Italia, kwa sheria namba 13 ya mwaka 1989, mkutano wa wamiliki ukikataa, au ukikaa miezi mitatu bila uamuzi, mwenye ulemavu anaweza kwa gharama yake kuweka kifaa cha kupandia ngazi na kupanua milango ya kuingilia. Marekani, kwa marekebisho ya sheria ya makazi ya mwaka 1988, mtu hakataliwi marekebisho ya lazima hata katika maeneo ya pamoja. Ufaransa, tangu mwisho wa mwaka 2020, mwenye fleti anaweza kufanya kazi za kurahisisha kufikika kwa gharama yake, na mkutano humzuia tu kwa kura ya wingi wa wamiliki wote, kwa sababu zinazoelezwa.

Sheria hizi ni za maana. Lakini mmesikia neno linalojirudia? Kwa gharama yake. Sheria inasema mgonjwa asizuiwe, mradi alipe. Mimi nasema mali ya pamoja ilipiwe kwa pamoja. Paa likivuja juu ya fleti ya mtu mmoja, hatumwambii alipe paa peke yake. Kwa nini reli ya ngazi iwe tofauti? Na kusema kweli, mengi niliyoyataja leo ni madogo kando ya rangi mpya ya ukuta wa nje mnayoipigia kura bila kupepesa. Tepe, namba kubwa, kiti, muda wa mlango wa lifti, zulia kukunjwa. Kubwa ni moja, nalo ni umeme. Mwenye ALS hufika mahali misuli ya kupumua inadhoofika, na mashine inamsaidia kupumua, pengine usiku kucha. Umeme ukikatika, na lifti ikasimama, mtu huyo yuko ghorofa ya saba na betri yenye saa za kuhesabika. Kila kamati ijue, kwa siri inayotunzwa, ni fleti ngapi zina mashine kama hiyo. Kila kamati iwe imeshaamua jenereta au betri ya jengo inawasha nini kwanza. Uamuzi huo haufanywi gizani kwa kupigiana kelele ngazini.

Ndugu Mwenyekiti, naomba vitu viwili viingie kwenye ajenda ya mkutano ujao, vyote viwili vipigiwe kura. Cha kwanza, fungu katika bajeti ya matengenezo kwa ajili ya marekebisho ya aina hii, lisilosubiri mtu aombe. Cha pili, kila kazi ya ukarabati itakayopendekezwa ije na jibu la swali hili: itamfanyia nini jirani anayesahau, na jirani anayeganda?

Na kabla ya mkutano huo, kila mjumbe atembee kutoka mlangoni kwake hadi getini pamoja na mkaazi mmoja anayeishi na mojawapo ya magonjwa haya, akikubali. Mtembee kwa mwendo wake. Mjumbe asielekeze wala asishike mkono asipoombwa. Abebe kalamu, aandike kila mahali wanaposimama na sababu anayoitaja mwenyewe. Karatasi hizo ndizo zisomwe kwanza mkutanoni, kabla ya makadirio ya fundi. Mimi nitakuwepo, na mafundi waliopo hapa wameahidi kuja. Naona mikono imeshanyooshwa. Tuanze na walinzi.